Swichi ya Bi Khadija

Bi Khadija alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya uani, mkono wa kulia umenyooka kuelekea ukutani kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Birika lake la bati la kutawadhia lilikuwa limeanguka karibu naye. Sakafu ilikuwa imelowa. Nguo zake nyeupe za eda zilikuwa zimelowa upande mmoja, na jirani fulani mwenye huruma alikuwa ameshamfunika miguu kwa kanga, ili nyayo zake zisitazamwe na kila mpita njia.

Inspekta Praxeda aliiona kanga ile kabla ya kuona kingine chochote. Alisimama mlangoni, hakukanyaga maji.

"Umeme umezimwa?"

"Umezimwa, afande. Nimezima mwenyewe kwenye meni swichi."

Aliyejibu alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mtoto wa dada yake. Naitwa Rahimu. Wao ndio walionilea, yeye na marehemu mumewe."

"Nani alimkuta?"

"Mke wangu, Mastura. Alikuwa anampelekea msala wa kuswalia."

"Saa ngapi?"

"Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Sebuleni."

"Taa zilikuwa zinawaka?"

"Zilikuwa zinawaka."

"Ndiyo maajabu yenyewe hayo!" alidakia mama mmoja wa jirani kutoka nyuma ya kundi. "Nyumba hii, afande, magharibi huwa kiza. Mtaa mzima wa Mabawa unajua. Mumewe, Mzee Mwinyijuma, alifia hapo hapo uani saa hiyo hiyo, miezi mitatu sasa. Tangu mvua za vuli zianze, ikifika saa yake taa zinashuka zenyewe. Leo hazikushuka. Leo kachukua mtu."

Koplo Luka, aliyekuwa ameshika kamera, alirudi nyuma hatua moja na kujigonga kwenye pipa.

"Luka, piga picha," alisema Praxeda.

"Napiga, afande. Nilikuwa natafuta pembe nzuri."

"Pembe nzuri haipo nje ya nyumba."

Walimpiga picha marehemu, birika, na soketi ya pampu iliyokuwa ukutani, usawa wa kifua cha mtu mfupi. Kwenye ukumbi walitazama boksi la umeme. Ndani yake, pembeni ya breka ndogo ndogo, palikuwa na swichi pana ya usalama, ile inayojishusha yenyewe umeme ukivuja. Ulimi wake ulikuwa chini.

"Ilishuka," alisema Rahimu kwa haraka. "Ila ilichelewa. Fundi alifunga vibaya."

Fundi mwenyewe alikuja kwa miguu yake. Alikuwa mwanamume mwembamba wa Kilutheri kutoka milima ya Usambara, jina lake Asheri. Alikuwa amesikia habari sokoni akaja mbio, mkoba wa zana begani.

"Mimi ndiye niliyefunga umeme wa nyumba hii," alisema. "Nimekuja kutazama kosa langu, kama lipo."

"Muuaji!" mtu alipiga kelele, na jiwe likagonga bati.

Praxeda alimshika fundi mkono akamwingiza kwenye gari la polisi. Wengi walidhani amemkamata. Ukweli ni kwamba alikuwa akimwokoa, lakini kufikia asubuhi mambo hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuwa kitu kimoja.

Usiku ule wa Alhamisi alisahau jambo moja, nalo lilimkera baadaye. Hakulifunga boksi lile kwa utepe wa polisi.

* * *

Jumamosi asubuhi, Mkuu wa Kituo alimpa Praxeda faili jembamba.

"Jumatatu fundi apelekwe mahakamani. Kuua bila kukusudia. Kafunga yeye, mama wa watu kafa. Kuna nini cha kupeleleza?"

"Nipe leo na kesho, mkuu."

"Una leo na kesho. Jumatatu saa mbili faili liwe mezani kwangu."

Nje, kwenye benchi, alikaa Leticia, mke wa fundi, amepakata kapu. Alisimama akasalimia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemletea nini?"

"Makande. Nimepika ya watu watano. Aliniambia jana humo ndani wapo wengine wasioletewa."

Praxeda alimtazama. Mumewe angeweza kufungwa miaka, na yeye alikuwa amehesabu matumbo ya watu asiowajua. Inspekta alimshika bega tu, kisha akaingia ndani na kapu lile mwenyewe.

Juu ya faili palikuwa na barua ya daktari. Praxeda aliisoma mara mbili. Kiganja cha marehemu kilikuwa kimeungua kwa kina. Umeme ulimshika kwa muda, pengine dakika nzima.

Alimtoa Asheri mahabusu akamkalisha mbele yake.

"Nieleze hiyo swichi yako ya usalama kama unavyomweleza mama yako."

Asheri alifikiri. "Umeme unakwenda kwa waya mmoja, unarudi kwa mwingine. Unaokwenda lazima urudi wote. Swichi ile kazi yake ni kulinganisha. Ukipungua hata kidogo, maana yake umeponyoka mahali, pengine kupitia mwili wa mtu. Basi inajishusha. Kope haijafunga, imeshashuka."

"Ingeweza kumwacha mtu dakika nzima?"

"Labda iwe imekufa."

"Na kule kushuka kila magharibi? Ilikuwa imekufa?"

"Hapana, mama. Ile ilikuwa hai kweli kweli. Watu ikishuka ovyo wanailaumu yenyewe, kama wanavyomchapa mtoto anayelia bila kuuliza kinachomuuma. Rahimu aliniita mwezi uliopita. Nikachomoa kila kitu nyumbani, nikazima breka zote, nikapandisha swichi. Ikatulia. Nikawa narudisha kimoja kimoja. Friji, ikatulia. Pasi, ikatulia. Nilipofika kwenye taa ya nje, ikashuka."

"Taa gani?"

"Ile ya uani inayojiwasha yenyewe kiza kikiingia. Mvua ilikuwa imeingia ndani yake, na hewa ya chumvi imekula holda, pale panaposhika globu. Kwa hiyo kila magharibi taa ikiwaka, umeme unavuja, swichi inashuka. Hapakuwa na mzimu. Nikabadilisha taa, nikaziba kwa silikoni."

"Ikaacha?"

"Siku tatu. Ya nne ikaanza tena, saa ile ile."

Praxeda aliweka kalamu chini.

"Nikaitwa tena, asubuhi," Asheri aliendelea. "Nikapima nyumba nzima, sikuona kitu. Pakavu. Nikaomba nirudi magharibi nione kwa macho yangu. Bi Khadija alikuwa nyuma ya pazia, maana yuko eda. Alikuwa amenipa chai na mkate wa kumimina kupitia chini ya pazia, sinia limefunikwa vizuri. Akasema, 'Saa hiyo, baba, si saa ya mgeni.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikaondoka. Lakini nilimwonya Rahimu. Alikuwa amechoka na lile giza, akaniuliza kama swichi ile haiwezi kutolewa. Nikamwambia wapo mafundi wabaya wanaoiruka kwa vipande viwili vya waya, toka skrubu za juu mpaka za chini, na huko ni kuua watu. Nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi mahali pasipoguswa."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Sisi wawili tu."

Kisha Asheri akainamisha kichwa. "Kuna kitu kingine. Mimi nikimaliza kazi hupaka kila skrubu tone la rangi ya kucha, nyekundu. Ya Leticia. Mtu akifungua, rangi inapasuka, nami najua. Wenzangu wananicheka, wananiita fundi saluni."

"Wacha wacheke," alisema Praxeda, akainuka.

* * *

Nyumba ya marehemu ilikuwa na harufu ya udi na maji ya waridi. Majirani walikuwa wamefagia uani na kuleta sufuria za wali. Mastura aliwapokea kwenye ukumbi, macho yamevimba. Kazi yake ilikuwa kuwapaka maharusi hina, na vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kiungo.

Praxeda alimuuliza taratibu.

"Mama yenu alikuwa anafanya nini taa zilipokuwa zikizimika?"

Mastura alitazama pazia la chumba. "Alikuwa anasalimia."

"Anamsalimia nani?"

"Mumewe." Sauti ilishuka. "Mwanzo mwanzo aliogopa kama sisi. Baadaye akazoea. Giza likiingia utamsikia huko uani, 'Umekuja, mume wangu? Pole na safari.' Sauti laini kabisa, kama ya bibi harusi. Mimi nilikuwa nakaa jikoni sijitikisi, nywele zimenisimama. Nikiwasha mshumaa nikatoka, namkuta anatabasamu, birika mkononi."

"Na fundi alipoitengeneza taa?"

"Siku tatu zile hakula. Alikaa kwenye kigoda mpaka isha, anasikiliza. Akaniambia, 'Mastura, safari hii ameondoka kweli.' Siku ya nne taa zikazimika tena, akala vizuri. Kila siku, mpaka Jumatatu hii. Jumanne hazikuzimika, wala Jumatano. Alhamisi ndiyo..." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Praxeda alikwenda uani. Jua la alasiri lilipiga ukuta. Aliinama mbele ya soketi ya pampu akakaa hapo muda mrefu, mpaka magoti yakauma.

Chini ya soketi palikuwa na michirizi myeupe. Mmoja juu ya mwingine, myembamba, kama alama za maji ya bahari kwenye nguzo za gati. Aliugusa mmoja kwa kidole, akaonja. Chumvi.

"Maji ya kisima chenu yana chumvi?" aliuliza.

"Ya chumvi, ndiyo. Ya kutawadhia na kufulia tu."

"Mvua haijanyesha tangu lini?"

"Wiki mbili."

Koplo Luka alitazama ukuta, kisha birika kwenye picha yake. "Afande, ina maana..."

"Ina maana alikuwa anamwagia maji yeye mwenyewe."

Mastura alishika mdomo. Praxeda alimkalisha kwenye kigoda na kuchuchumaa mbele yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mama yako hakujua habari za umeme. Alijua tu kwamba maji ya mvua yalipoingia kwenye taa, mumewe alikuja. Fundi alipokausha taa, mumewe akaacha kuja. Basi kila magharibi akachukua birika, akamwaga maji kwenye soketi, swichi ikashuka. Akapata giza lake."

"Sasa kwa nini Alhamisi..."

"Hilo ndilo nililokuja kutafuta."

Walikuwa wamekuja na Asheri; walimtoa garini, pingu mkononi, akasimama mbele ya boksi la umeme bila kuligusa. Luka alihakikisha meni swichi imezimwa, akafungua kifuniko. Praxeda aliwasha tochi akasogeza uso.

Breka ndogo zote zilikuwa na matone mekundu yanayong'aa kwenye skrubu, yamekauka kama vioo. Kwenye swichi ya usalama, skrubu zote nne, mbili za juu na mbili za chini, zilikuwa na rangi pia. Kwa mbali ilikuwa nyekundu ile ile. Kwa karibu ilikuwa ya kahawia, chakavu, imepasuka kama tope la kiangazi.

"Si yangu hiyo," alisema Asheri kwa sauti ndogo.

Praxeda aliikwaruza kwa ncha ya kisu juu ya karatasi nyeupe. Ilidondoka unga. Akanusa. Karafuu, na majani.

Hakuhitaji kuuliza ni nini. Nyumba hii haikuwa na rangi ya kucha, kwa sababu wenyewe wanatawadha mara tano kwa siku na rangi ile huzuia maji kufika kwenye ukucha. Kulikuwa na kitu kimoja tu chekundu cha kupaka.

"Mastura, mara ya mwisho ulikoroga hina lini?"

"Alhamisi asubuhi, ya bibi harusi wa Chumbageni. Msiba ukaingia, nikaliacha bakuli jikoni. Ijumaa nilipokwenda kulimwaga niliona mtu kaingiza kidole. Nikadhani mtoto wa jirani."

"Kitufe cha kujaribia," Praxeda alimwambia Asheri. "Nielekeze."

"Kile kidogo cha njano, mama."

Luka alirudisha meni swichi, akapandisha ulimi wa swichi ya usalama, kisha akabonyeza. Tak! Ikashuka papo hapo. Akaipandisha, akarudia. Tak!

"Haijafa," alisema Asheri, na machozi yalimjaa. "Ni nzima."

Ilikuwa nzima, lakini mama wa watu alikuwa ameungua dakika nzima. Mtu alikuwa ameiruka, kisha akaondoa ushahidi.

"Ipandishe tena, Luka. Tutasubiri magharibi," alisema Praxeda. "Nataka kuona alichokiona marehemu."

* * *

Rahimu alirudi kutoka msikitini alasiri akakuta polisi wamekaa ukumbini. Alisalimia, akaingia sebuleni, akawasha taa ingawa mchana ulikuwa bado haujaisha. Akawasha na ya chumbani. Akawasha na ya korido.

Praxeda aliyaona hayo yote.

Adhana ilipoanza, taa ya uani ilijiwasha yenyewe. Asheri alimwelekeza Luka asimame juu ya ubao mkavu, achukue chupa ndefu ya plastiki na asisogee karibu.

"Afande, mimi mama yangu bado ananihitaji," alinong'ona Luka.

"Nami nakuhitaji. Mwaga."

Maji yaliruka yakaingia kwenye soketi. Tak! Nyumba nzima ikazima.

Giza lilikuja lote kwa pamoja. Friji iliguna ikanyamaza. Adhana ilikuwa imekwisha, na kwa muda mfupi hapakusikika kitu, si gari wala mtoto. Praxeda alihisi ubaridi kwenye shingo. Alikuwa anajua kila waya wa jambo hili, lakini mwili wake haukujua. Alielewa kwa nini mwanamke mpweke angesimama hapa na kuamini kwamba kuna mtu ameingia.

Kisha sauti ya mwanamume ikapasua giza kutoka sebuleni.

"Nakuja! Nakuja, baba! Nakuja!"

Hakuna aliyekuwa amemwita.

Luka alidondosha chupa. Praxeda aliwasha tochi akaenda. Rahimu alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imefunika masikio, macho wazi, jasho linamtiririka. Mastura alisimama mlangoni akimtazama mumewe kama mgeni.

"Nani alikuita, mwanangu?" aliuliza Praxeda.

Rahimu alitikisa kichwa.

* * *

Jumapili mchana, kwenye chumba cha mahojiano, Praxeda alimsomea haki zake. Luka aliandika maelezo ya onyo. Juu ya meza palikuwa na karatasi nyeupe yenye unga wa hina, na swichi ya usalama ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Unajua hii ni nini?"

"Swichi."

"Na huu unga?"

Rahimu aliisogeza karatasi mbali naye.

"Asheri alimwonyesha nani mahali pasipoguswa?"

"Sikumbuki."

"Yeye anakumbuka. Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Baada ya kazi?"

"Nilipitia dukani."

"Kununua?"

"Vitu vya nyumbani."

"Waya ni kitu cha nyumbani?"

Rahimu alitazama ukuta. Praxeda alimmiminia maji kwenye glasi akaisogeza mbele yake. Hakuharakisha. Alikuwa amelea watoto wanne na kuwahoji wezi miaka ishirini na sita, na alijua kwamba kuna mtu anayenyamaza kwa ujanja na kuna anayenyamaza kwa sababu mzigo umemkaa kooni.

"Kuna mtu yuko mahabusu siku ya tatu," alisema. "Mkewe anakaa kwenye benchi pale nje. Kesho saa mbili nitampeleka mahakamani, kwa sababu wewe umenyamaza. Naye ndiye aliyekuonya usiue. Mtazame."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Leticia alikuwa amelala kwa kukaa, kichwa ukutani, kapu miguuni.

Rahimu alianza kulia.

"Sikutaka kumuua mama mdogo. Wallahi, sikujua habari za maji. Nilitaka taa zisizimike tu."

"Kwa sababu ya giza?"

"Kwa sababu ya alichokuwa anasema."

"Alikuwa anamsalimia mumewe."

"Mastura anakaa jikoni, anasikia salamu tu. Mimi sebuleni nasikia yote." Rahimu alipangusa pua kwa kiganja. "Baada ya kumsalimia, anamuuliza, 'Nikuitie Rahimu? Rahimu yupo ndani. Nimwite?' Kila siku, afande. Kila siku giza likiingia. 'Nimwite?'"

Kalamu ya Luka ilisimama.

"Kwa nini uogope kuitwa na mtu aliyekulea?" aliuliza Praxeda.

Rahimu alishika glasi, hakunywa.

"Siku aliyofariki aliniita. Mama mdogo alikuwa kwa jirani, Mastura kwenye harusi. Mimi nilikuwa naangalia mpira. Akaita toka uani, 'Rahimu!' Nikasema nakuja. Ilikuwa penalti. Akaita tena. Nikadhani anataka nimwashie taa, au nimletee kandambili. Nikasema nakuja, baba. Mara ya tatu aliita polepole sana. Sikujibu hata. Penalti ikapigwa, wakarudia, mchezo ukaisha. Nilipotoka nilimkuta pale chini. Mkono bado ulikuwa wa moto."

"Ukawaambia watu nini?"

"Kwamba nilikuwa msikitini. Wote walisema heri yako, ulikuwa unaswali mzazi wako alipofariki." Alicheka kicheko kibaya. "Heri yangu!"

"Na taa zilipoanza kuzimika saa ile..."

"Nilijua anakuja kunidai jibu. Fundi alisema ni maji kwenye holda, nikashukuru Mungu. Halafu ikaanza upya, na fundi hakuona kitu. Nikasema basi, hii si ya fundi. Nikifunga waya, giza haliji, naye haji. Jumanne asubuhi nikaunga vile vipande viwili. Siku mbili nililala usingizi."

"Na Alhamisi?"

"Niliposikia Mastura amepiga yowe, nilijua. Nilikimbilia meni swichi kwanza, nikazima. Majirani walipokuwa wanaingia nikatoa waya, nikashusha ulimi wa swichi. Nyaya nimezitupa chooni. Usiku nikaona ile rangi ya fundi imepasuka. Nikachukua hina."

"Ukamwachia Asheri."

"Ningesema nimeunga waya, mngeniuliza kwa nini. Ningeanzia wapi?" Alinyanyua uso. "Afande, naomba kuuliza. Mama mdogo alijiua?"

"Hapana. Alikuwa anamwita mumewe. Giza lilipokataa kuja siku mbili, pengine ya tatu akasogea karibu zaidi. Hakujua ni hatari, kwa sababu siku zote swichi ilikuwa ikimlinda. Kila jioni ilimwokoa, naye akadhani ni mapenzi."

Praxeda aliona jinsi maneno yale yalivyomwingia kijana, akajua kwamba hakimu yeyote hatampa adhabu iliyo nzito kuliko hiyo. Lakini alimsogezea kalamu. Rahimu alitia sahihi kila ukurasa, akaweka na dole gumba. Kuua bila kukusudia, na kuharibu ushahidi.

"Afande," alisema alipoinuliwa, "kule mahabusu taa zinawaka mpaka asubuhi?"

Praxeda alimtazama Luka. Luka alitazama sakafu.

"Nenda naye," alisema Praxeda.

Saa kumi na moja jioni Asheri alikuwa kwenye kaunta akirudishiwa mkanda, simu na mkoba wake wa zana. Leticia alikuwa amemshika mkono wa shati, hamwachii. Mkuu wa Kituo alisema neno moja la pole, akaingia ofisini kwake. Praxeda alimweleza fundi kila kitu, kwa sababu aliona ana haki ya kujua, mpaka lile swali la mwisho la Rahimu.

Asheri alisikiliza. Akafunga mkanda. Akageuka kama anayekwenda mlangoni, kisha akasimama.

"Mle ndani hamna taa, mama. Nimelala siku tatu. Si globu, ni holda imekatika waya."

"Tumeandika barua," alisema Luka. "Tunasubiri."

"Dakika tano tu." Tayari alikuwa ameweka mkoba chini na anatafuta bisibisi. "Leticia, nishikie tochi."

"Asheri, twende nyumbani," alisema mkewe. "Yule ndiye aliyekuacha ufungwe."

"Najua. Shika tochi."

Leticia alimtazama muda mrefu. Kisha akaweka kapu chini, akachukua tochi. Luka alizima breka, akafungua mlango wa chuma, na kuburuta benchi. Ndani, Rahimu alikuwa amejikunyata kwenye kona, uso ukutani, hakugeuka. Asheri alipanda juu ya benchi akaanza kufungua holda, huku akipiga mluzi taratibu, ili mtu yule ajue nani yuko nyuma yake.